Ketuba: Maneno Yanayomlinda Mke Siku Mapenzi Yakiisha

Yapata miaka elfu mbili iliyopita, Wayahudi wa Aleksandria huko Misri walikuwa na shauri la aibu. Mwanaume alikuwa akiposa kwa taratibu zote za sheria, halafu kabla ya siku ya arusi anatokea mwingine, anamnyakua mchumba na kuzaa naye. Katika sheria ya Kiyahudi ya enzi hizo, posa haikuwa ahadi ya mdomo. Mwanamke aliyekwisha kuposwa alihesabika mke wa mtu, na mtoto aliyemzaa na mwanaume mwingine alitiwa doa zito: haoi wala haolewi na Wayahudi wasio na doa hilo, yeye na kizazi chake. Wanazuoni walikuwa karibu kuwahukumu watoto wa Aleksandria hivyo. Mmoja wao, Hillel Mzee, akawaagiza watoto hao wamletee hati za ndoa za mama zao. Zikaletwa, akazisoma. Akakuta zimeandikwa kwamba mwanamke atakuwa mke wa mposaji atakapoingia kwenye chandarua cha arusi. Basi kabla ya kuingia hakuwa mke wa mtu. Watoto wakatoka salama.

Kisa hiki kimo katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi, na ndani yake mna jambo ambalo ni rahisi kulipita. Maneno yaliyowaokoa watoto wale hayakutungwa na mwanazuoni yeyote. Yalikuwa maneno ya watu wa kawaida, ya wazazi na makarani wa mji, na Hillel alisifiwa kwa kuyasoma kwa uzito ule ule ambao angesomea sheria. Mtu aliyeamua kuandika "utakapoingia" alikuwa ameshika mkononi hatima ya watoto ambao hawajazaliwa.

Hati hiyo ya ndoa huitwa ketuba. Mashahidi wawili huitia saini kabla bwana na bibi arusi hawajasimama chini ya kitambaa kilichonyanyuliwa kwa miti minne. Husomwa kwa sauti mbele ya wageni baada ya pete kuvishwa, kisha hukabidhiwa bibi arusi, akaitunza mwenyewe au akampa mama yake amtunzie. Ni mali yake yeye, wala si kumbukumbu ya wote wawili. Ikipotea, sheria inawataka waandike nyingine, maana wanazuoni hawakuona vema mume na mke waishi nyumba moja bila hati hiyo kuwepo.

Kwa karne nyingi za karibuni, mchumba wa Kiyahudi kwa kawaida hakuulizwa anataka maneno gani. Rabi wa mji alikuwa na matini yake, ya Kiaramu, karani akajaza majina na tarehe. Leo, hasa Marekani, wachumba huingia kwa mchoraji wa ketuba wakakuta orodha: matini za mikondo ya Uyahudi, yaani ya Waorthodoksi, ya Wakonsavativu na ya Mageuzi, kisha ya ndoa za dini mbili, na nyingine nyingi zilizotungwa na wachoraji wenyewe. Nyingi kati ya hizi mpya zinasomeka vizuri sana. Zinaahidi kusikilizana, kucheka pamoja, kujenga nyumba yenye amani na kulea watoto katika hekima. Mimi sina ugomvi na ahadi hizo. Ugomvi wangu ni na kile kinachoondolewa ili kuzipisha.

Matini ya zamani haisemi lolote juu ya mapenzi. Inaanza na siku ya juma, tarehe ya mwezi, mwaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na jina la mji. Fulani bin fulani alimwambia fulani binti fulani awe mke wake kwa sheria ya Musa na Israeli. Anaahidi kumfanyia kazi, kumheshimu, kumlisha na kumtunza kama wanavyofanya wanaume wa Kiyahudi walio waaminifu. Anamwekea zuzi 200 za fedha, pamoja na chakula, mavazi na haki yake ya kitandani. Mwanamke akakubali. Hapo hufuata hesabu ya vitu alivyokuja navyo kutoka kwao, na nyongeza anayoitoa mume kwa hiari yake. Mwisho kabisa kinakuja kipengele ambacho kwangu ndicho moyo wa hati nzima: mume anaweka dhamana mali yake yote, inayohamishika na isiyohamishika, aliyo nayo na atakayoipata baadaye, hata joho lililo mabegani mwake, akiwa hai na hata akifa.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kuona mfano wake. Mahari ya Muislamu yanaweza kutolewa taslimu, yanaweza pia kuahirishwa yakabaki deni shingoni mwa mume, likidaiwa akimwacha mkewe au akifa. Ketuba ni deni la namna hiyo. Zuzi 200 hazikuwa fedha za kuchezea: sheria kuhusu masikini katika Mishna, kitabu cha sheria kilicho msingi wa Talmudi, inasema mwenye zuzi 200 asichukue sadaka ya mavuno, kwa kuwa kiasi hicho kilitazamwa kama riziki ya mwaka mmoja. Mjane au mtalaka akiolewa tena aliandikiwa 100.

Dhamana ya mali yote haikuwapo tangu mwanzo, na Talmudi inasimulia ilivyopatikana. Mwanzoni fedha ya ketuba iliwekwa kando, nyumbani kwa baba wa mwanamke. Ikawa mume akikasirika anamwambia mkewe: nenda kwenye ketuba yako. Fedha ipo, imetengwa, hana cha kupoteza. Ikahamishiwa nyumbani kwa baba wa mume, ikageuzwa vyombo vya thamani, lakini bado mume alikuwa akimwambia mkewe achukue vyombo vyake aende zake. Ndipo Shimon ben Shetah, mwanazuoni aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo, akaagiza mume aandike kwamba mali yake yote ni dhamana ya ketuba ya mkewe. Tangu hapo hasira ya jioni moja ikawa na bei. Kumwacha mke kulimaanisha kuuza shamba, kutafuta fedha, kuzungumza na wadai wengine, na katika muda huo watu hupoa.

Kuna mwanamke mmoja ambaye karatasi zake zinatuonyesha kipengele hiki kikifanya kazi. Mwaka 1961 kikosi cha mwanaakiolojia Yigael Yadin kilichimba katika pango la Nahal Hever, karibu na Bahari ya Chumvi, kikapata mfuko wa ngozi wenye hati 35. Zilikuwa za Babatha, mwenyeji wa kijiji cha Maoza upande wa kusini wa bahari hiyo, aliyekuwa na mashamba ya mitende. Alizificha pangoni wakati wa uasi wa Bar Kokhba dhidi ya Warumi, na hakurudi kuzichukua. Alikuwa amefiwa na mume wa kwanza, akabaki na mtoto yatima ambaye matunzo yake yalimfikisha mahakamani. Kisha akaolewa na Yuda wa En Gedi, mwanaume aliyekuwa na mke mwingine, Miriam. Ketuba yake na Yuda imo mfukoni humo, kwa Kiaramu, na kiasi kilichoandikwa ni 400, mara nne ya kile cha kawaida cha mjane.

Mwaka 128 Yuda alimkopa Babatha dinari 300, na baada ya muda mfupi akamwoza binti yake. Miaka miwili baadaye Yuda alikuwa amekufa. Hati za mwaka 130 zinamwonyesha Babatha akiuza tende za bustani za marehemu kule Maoza, na zinaeleza waziwazi kwa nini bustani hizo ziko mikononi mwake: anazishikilia kwa ajili ya ketuba yake na deni. Mke mwenza alilalamika, na wasimamizi wa warithi wakamshtaki. Babatha hakuachia. Alikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na maneno. Ninapowasikia watu wakisema ketuba ni mapambo ya ukutani, namfikiria mwanamke huyu akiwa amesimama katikati ya mitende ya mume aliyekufa, akipimia wanunuzi tende.

Wanazuoni wa Mishna waliendelea kuongeza vipengele, na vingine vinaonyesha jinsi walivyoyaangalia maisha bila kufumba macho. Mume aliandika kwamba mkewe akitekwa atamkomboa na kumrudisha awe mke wake. Lakini kuhani, kwa sheria za ukuhani, hakuruhusiwa kuendelea kuishi na mke aliyetoka utekani, kwa hofu kwamba alinajisiwa huko. Ahadi ya kumrudisha nyumbani ingekuwa uongo. Basi mke wa kuhani aliandikiwa tofauti: nitakukomboa na kukurudisha mjini kwenu. Ni maneno machache tu yamebadilika, lakini mwanamke hakuachwa utekani kwa sababu mumewe ana sheria ngumu kuliko za wengine.

Kipengele cha mjane ndicho kinachonigusa zaidi. Watu wa Yerusalemu na wa Galilaya waliandika kwamba mke atakaa katika nyumba ya marehemu mumewe na kula kutoka katika mali yake muda wote wa ujane. Watu wa Uyahudi, jimbo la kusini, waliandika kwamba atakaa mpaka warithi watakapopenda kumlipa ketuba yake. Hebu zitazame sentensi hizo mbili kwa jicho la mjane mwenye miaka sitini. Kwa ya kwanza, uamuzi wa kuondoka ni wake. Kwa ya pili, watoto wa mume wakichoka kumwona barazani wanahesabu fedha, wanamwekea mkononi, na kesho anatafuta pa kulala. Mishna inazitaja desturi zote mbili bila kulaumu. Mimi nalaumu ile ya pili, na sidhani kama mwanamke yeyote aliyewahi kuishi na warithi wa mumewe atashindwa kunielewa.

Zama za kati zinatupa hazina nyingine. Mwaka 1896 na 1897, Solomon Schechter wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikwenda Kairo akahamisha karatasi kutoka ghala la sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, zipatazo vipande 190,000. Wayahudi hawakutupa maandishi ovyo, yakichakaa yalitiwa ghalani. Humo kulikuwa na ketuba kwa mamia, nyingi za karne ya 11 na ya 12, na zinaonyesha familia zikijadiliana kila mstari. Mahari yalikuwa mafungu mawili, la mapema na la baadaye, sawasawa na majirani zao Waislamu. Mume anaahidi hataoa mke wa pili, na hataweka nyumbani mjakazi asiyempendeza mkewe. Mji watakaokaa unatajwa. Kuna ahadi ya kutompiga mke. Kuna ya mke kubaki na kipato cha ushonaji wake, naye ajivishe mwenyewe. Mwanaume mmoja aliahidi kwa maandishi kwamba atafuatana na watu wema na hataleta nyumbani wahuni wala watu wa upuuzi. Ahadi kama hiyo haiandikwi hewani. Mtu fulani upande wa mwanamke alikuwa amekwisha kuulizia habari za marafiki zake.

Kulikuwa pia na suala la safari. Wengi wa wanaume hao walikuwa wafanyabiashara wa bahari hii hii yetu ya Hindi, waliopanda vyombo kuelekea Aden na India kwa kufuata pepo za msimu, na wakakaa huko miaka. Mume akizama baharini bila shahidi, mke hawezi kuolewa tena. Hajulikani kuwa mjane wala hakuachwa. Kwa hiyo yakaandikwa masharti: hatasafiri bila ridhaa ya mkewe, ataacha fedha za matumizi, na ataacha hati ya talaka itakayoanza kufanya kazi asiporudi kwa muda waliopatana. Mmoja wa hao wa India alimwandikia mkewe barua nzito, akiapa kwamba anamkumbuka, na wakati huo huo akimwachia hiari ya kubaki mke wake au kuichukua talaka. Ni barua ya mtu anayependa, na ni hati ya mtu anayejua bahari.

Tena haki ya mke mwenyewe kuondoka haikungoja nyakati zetu. Katika kisiwa cha Elefantine mtoni Nile, karibu na Aswan, palikuwa na jamii ya Wayahudi waliotumikia dola ya Uajemi. Mwaka 449 KK mtumishi wa hekalu lao, Anania, alimwoa Tamet, mwanamke Mmisri aliyekuwa mtumwa wa mtu aitwaye Meshulam. Hati yao ya mafunjo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Brooklyn. Inasema mume akisimama mbele ya kusanyiko na kutangaza kwamba hamtaki mkewe, atalipa. Na mke naye akisimama akatangaza kwamba hamtaki mumewe, atalipa. Mtumwa ameandikiwa haki hiyo! Hata miongoni mwa ketuba za Fustat, zile zilizofuata desturi ya Palestina zilikuwa na kipengele kinachomruhusu mke kusema hampendi mumewe na kutoka kwa amri ya mahakama. Desturi hiyo ilikufa pole pole, matini ya Wayahudi wa Babeli ikaenea kila mahali, na kipengele kikatoweka.

Hasara ya kutoweka kwake inaonekana mpaka leo. Katika sheria ya Kiyahudi, talaka hutolewa na mume kwa mkono wake na kwa hiari yake. Tangu agizo la rabi Gershom wa Mainz, yapata mwaka 1000, kwa Wayahudi wa Ulaya mume haruhusiwi kuoa mke wa pili wala kumwacha mke bila ridhaa yake. Lakini mume anayekataa kutoa talaka bado anaweza kumfunga mwanamke. Mahakama ya serikali inaweza kuvunja ndoa yao, akabaki mke wa mtu mbele ya dini. Akizaa na mwingine, watoto wanarudi pale pale walipokuwa watoto wa Aleksandria. Mwanamke huyo huitwa aguna, aliyefungwa. Kwa Kiswahili tungesema ametundikwa: hayuko ndoani wala hajaachwa. Wanaume wengine hutumia kifungo hicho kudai fedha au watoto. Huu ni unyang'anyi, na ketuba yenye maneno matamu peke yake haina la kuufanya.

Turudi basi kwa wachumba na orodha yao. Mkondo wa Mageuzi ulipoanza Ujerumani katika karne ya 19, wengi wa viongozi wake waliiacha ketuba ya kale. Waliona kuandika bei ya bikira ni kumdhalilisha mwanamke. Hoja yao nakubaliana nayo kwa sehemu. Kusoma mbele ya ukumbi kwamba bibi arusi ni bikira, mjane, mtalaka au mwongofu, wakati hakuna anayesoma historia ya bwana arusi, ni jambo la kuudhi. Siku hizi ketuba nyingi za nje ya Waorthodoksi huandika tu "bibi arusi" mahali pale, na sioni kilichopotea. Ketuba iliporudi kwa kishindo Marekani katika miaka ya 1970, ilirudi kama sanaa, na hapo ndipo matini za mapenzi zilipochipuka. Sanaa yenyewe si ngeni. Ketuba ya Krems, Austria, ya mwaka 1392, imechorwa bwana arusi akimpa mkewe pete, na wachoraji wa Italia wa karne za 17 na 18 walijaza pembezoni maua, ndege na watu wa Biblia. Tofauti ni kwamba katikati ya maua hayo palikuwa na deni lililoandikwa kwa tarakimu.

Waliojaribu kurudisha meno kwenye hati walipita njia tatu. Wa kwanza alikuwa Saul Lieberman, bingwa wa Talmudi katika seminari ya Jewish Theological Seminary, New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliongeza aya kwenye ketuba ya Wakonsavativu: bwana na bibi arusi wanakubali kwamba ndoa ikivunjika, yeyote kati yao akiitwa mbele ya mahakama ya marabi atakwenda, na mahakama hiyo inaweza kumtoza fidia anayekaidi. Mwaka 1983 aya hiyo ilifika Mahakama ya Rufaa ya jimbo la New York, iliyo juu ya mahakama zote za jimbo. Mke alikuwa amefunga ndoa kwa ketuba hiyo mwaka 1966. Mume hakutaka kwenda mbele ya marabi. Majaji 4 dhidi ya 3 waliamua kwamba ahadi ile ni mkataba kama mkataba mwingine wa kupeleka mgogoro kwa msuluhishi, na serikali inaweza kuusimamia bila kuingilia dini. Tofauti ya kura moja! Lau aya ingeandikwa kwa mafumbo ya kidini tu, naona mama yule angetoka mikono mitupu.

Njia ya pili ni ya Waorthodoksi, waliogoma kugusa matini ya ketuba na badala yake wakaandika mkataba wa pembeni. Katika miaka ya 1990 ulienea ule uliotungwa na rabi Mordechai Willig. Mume anajifunga kumlipa mkewe kiasi fulani kwa kila siku watakayokuwa wametengana bila talaka ya kidini, na mara nyingi kilichoandikwa ni dola 150. Ujanja wake uko katika jina la malipo. Sheria ya Kiyahudi inabatilisha talaka iliyotolewa kwa kulazimishwa, hivyo yakiitwa faini, talaka yenyewe itatiliwa shaka. Hayaitwi faini. Yanaitwa matunzo: kile chakula na yale mavazi ambayo kila mume amekuwa akiyaahidi ndani ya ketuba tangu zamani. Maneno ya kale, yaliyokwisha kuonekana ya kupamba tu, yametiwa tarakimu na kupelekwa mahakamani. Kwangu huu ndio uandishi bora wa hati za ndoa kuwahi kufanywa na Wayahudi wa zama zetu.

Njia ya tatu ni ya Rachel Adler, mwanatheolojia Mmarekani, aliyependekeza katika kitabu chake cha mwaka 1998 kwamba ndoa isijengwe tena juu ya mume kumpata mke. Alichukua sheria ya Talmudi ya ushirika wa biashara, ambapo washirika hutia mali zao katika mfuko mmoja na kuuinua pamoja. Wachumba nao hutia kitu cha kila mmoja mfukoni, wakauinua, na hati yao huitwa agano la wapendanao. Wengine wanaona kwamba kwa kuwa ndoa haikufungwa kwa njia ya zamani, haiwezi kumfunga mwanamke kwa njia ya zamani. Waorthodoksi hawaitambui. Napenda ujasiri wake, hasa kwa sababu Adler hakukimbilia mashairi. Alitafuta sheria nyingine iliyo sawa kwa wote wawili.

Nchini Israeli uchaguzi ni mdogo, kwa kuwa ndoa na talaka za Wayahudi ziko chini ya mahakama za marabi kwa sheria ya mwaka 1953. Kinachobaki kwa bwana arusi ni kiasi cha nyongeza. Wengi huandika shekeli 180,000, kwa sababu 18 ni hesabu ya herufi za neno la Kiebrania lenye maana ya uhai, na wapo wanaopandisha tarakimu kwa majivuno ya ukumbini. Kwa upande wa kumfungua mke, mwaka 1995 bunge liliruhusu marabi kumnyang'anya mume mkaidi leseni ya udereva, kuzuia akaunti yake ya benki, hata kumfunga jela. Sheria hiyo imesaidia wengi, ila imekuja baada ya mke kuumia. Mkataba huja kabla.

Karibu nasi, karibu na Mbale nchini Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyofuata Uyahudi tangu Semei Kakungulu alipouchukua mwaka 1919, na ambayo rabi wake Gershom Sizomu alihitimu Los Angeles mwaka 2008. Mamia yao waliongolewa rasmi na marabi wa Kikonsavativu mwaka 2002. Wachumba wao watasimama mbele ya meza ile ile ya kutia saini ketuba na swali lile lile la maneno yapi yaandikwe, katika nchi ambayo mali ya bi arusi na ya ukoo wa mume ni mazungumzo mazito tayari.

Meza yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Kabla ya sherehe, rabi huwaketisha mashahidi, ambao wasiwe ndugu wa bwana wala bibi arusi. Anatoa leso, bwana arusi anashika ncha yake na kuinyanyua. Kwa tendo hilo amejifunga kwa kila kilichoandikwa. Katika sehemu nyingi, mwandishi makini huwa ameacha herufi moja, kofu, bila mguu katika neno linalotangaza kwamba mkataba umefungwa. Mguu huo huchorwa baada tu ya leso kunyanyuliwa, ili hati isiseme uongo hata kwa dakika moja. Ndipo mashahidi wanatia saini chini ya maneno yanayosema kila kitu ni thabiti na kimesimama. Watu waliofikiri hivi juu ya mguu wa herufi moja hawawezi kuwa walikusudia karatasi ya kutundika tu.

Wapo watakaosema ni nuksi kuzungumzia talaka siku ya arusi. Nawaelewa, hata kwetu, atakayetaja kuachana mbele ya bi arusi atanyamazishwa na mashangazi. Lakini nuksi hiyo huondoka ukiyatenga mambo kwa siku. Mkataba wa pembeni utiwe saini majuma kadhaa kabla, mbele ya wakili, kila mmoja akiwa amesomewa na kuelezwa kwa lugha yake. Ketuba ya Kiaramu ibaki kwa ajili ya siku yenyewe, na aya ya Lieberman iwemo kwa wale wanaoifuata. Wanaotaka maneno ya mapenzi wayaandike kwa uhuru katika safu ya lugha yao, chini au kando, wayasome ukumbini yaeleweke. Na kwenye ule mkataba wa pembeni, nafasi ya kiasi cha kila siku isiachwe tupu.